Onyancha Aenda Kutazama Gofu

Dorothea Kwamboka hakuwa na neno na gofu hadi mumewe alipoanza kuicheza. Waliishi Missouri City, yeye nesi wa wagonjwa wa figo, Onyancha mhasibu katika kampuni ya mabomba ya mafuta. Mwaka wa 2003 Onyancha aligundua kwamba mabosi wake huongea mambo ya maana wakiwa uwanjani. Akanunua fimbo, kofia, na suruali nyeupe iliyomkaba mapaja. Akaanza kutembea polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba lake. Dorothea alimtazama tu, akaenda zake kazini.

Mwaka uliofuata bosi akampa tiketi mbili za mashindano ya gofu ya wanawake wa kulipwa, kule Galveston, kwenye uwanja ulio kando ya bahari.

"Mama Kerubo, vaa vizuri," akamwambia mkewe. "Pale hawaendi watu ovyo."

Hao wasio ovyo Dorothea aliwakuta wamekaa kwenye viti vya kukunja, pua zimepakwa dawa nyeupe ya jua, wanakunywa bia asubuhi na kunong'ona kana kwamba wako matangani. Upepo wa baharini uliwapeperushia kofia. Kila mpira ulipogongwa walisema "aaah" kwa pamoja, hata wale waliokuwa wakitazama kwingine. Dorothea aliona kwamba mpira ungeingia baharini na bado wangepiga makofi.

Onyancha alinong'ona kuliko wote. "Huyu sasa atapiga kulia, juu ya upepo."

Mpira ukaenda kushoto.

"Upepo umegeuka," akasema.

Walifika kwenye shimo moja karibu kabisa na maji. Msichana mwembamba alikuwa amechuchumaa, anapima mteremko kwa jicho. Mzee wa kujitolea akainua bango la kuomba kimya. Msichana akasimama, akashika fimbo yake, na papo hapo likalia pambio la kwaya ya kanisa lao. Onyancha ndiye aliyelitia kwenye simu yake, na alijivunia sana.

Msichana akageuka. Watu wote wakageuka.

"Ni simu ya mke wangu," Onyancha akasema kwa Kiingereza, akimnyooshea Dorothea kidole. "Hajazoea mahali kama hapa."

Wakati huo simu ilikuwa ikitetemeka kwenye paja lake, ndani ya suruali ile iliyombana, na kila mtu akiiona.

Dorothea hakuona hata aibu. Miaka yote alidhani yeye anamdharau mumewe kwa mzaha tu; sasa aliona si mzaha.

"Iko mfukoni mwake," akamwambia mzee.

Onyancha akaombwa aondoke. Akamshika mkewe kiwiko. "Twende zetu, Mama Kerubo."

"Enda wewe. Mimi sijapigiwa simu."

Msichana akapiga, akakosa shimo kwa upana wa kiganja, akatoa tusi zito lililosikika mpaka nyuma. Wenye viti wakashtuka. Kwa Dorothea, hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli tangu asubuhi. Akamfuata msichana yule hadi mwisho, viatu vikimuuma, akamwona akishindwa vibaya, akampigia makofi karibu peke yake.

Onyancha alikuwa ndani ya gari, amewasha kiyoyozi.

"Ungeninyamazia tu," akasema. "Watu wa kazini wako hapa."

"Sogea, nita-drive."

Akaendesha hadi nyumbani.

Jumapili, baada ya ibada kanisani kwao huko Alief, Onyancha aliwasimulia wanaume habari za mashindano: upepo, bahari, na jinsi mkewe alivyomtia aibu na simu yake. Wakacheka. Dorothea alikuwa nyuma yao na sahani ya mandazi. Hakumsahihisha; alimwona amekuwa mdogo mno kwa kazi hiyo. Akawapa mandazi wote waliokuwa pale, mmoja mmoja, na alipofika kwa mumewe akapita.