Kibuyu cha Posa Kutoka Songambele

Kabla hajaokoka, mama yangu alikuwa na mkono wa pombe. Sisemi hivyo kumvunjia heshima. Ndivyo Songambele nzima ilivyomjua. Rubisi yake, pombe yetu ya ndizi mbivu na mtama wa kukaanga, ilifuatwa na watu kutoka vijiji vya mbali, wakapita vilabu vingine njiani bila hata kugeuza shingo. Kisha walokole wakaja na mikutano yao, mama akaokoka. Siku ya kutoa ushuhuda alibeba vibuyu vyake vyote mpaka uwanja wa kanisa, akavipasua kimoja kimoja mbele ya watu. Wazee wengine walilia. Mchungaji alisema yale ni machozi ya toba, lakini mimi nilikuwepo, na nilijua vizuri walikuwa wanalilia nini.

Tangu siku ile hakugusa pombe, hakuipika, wala hakukaa pale ilipokuwa inanywewa. Baba alipofariki, watu waliokuja matangani walipewa chai, wakaondoka mapema. Mama akawa kiongozi wa maombi ya wanawake, na hiyo ndiyo heshima pekee iliyobaki nyumbani kwetu, maana sisi ni watu wa asili ya Rwanda, shamba tulikuwa nalo dogo, na ukoo wetu hapa ulikuwa wa kuhesabika.

Miaka michache baada ya vita nilitaka kuoa. Msichana alikuwa wa Bweranyange. Nilimfahamu alipokuja Songambele kumsaidia dada yake kuchuma kahawa. Baba yake alikuwa Mnyambo, mwenyeji wa asili wa pale, Mkatoliki, mwenye migomba mingi na ndugu wengi, na ndugu hao tayari walikuwa wameanza kunong'ona kwamba binti yao anataka kupewa watu waliokuja na mikeka kichwani. Mzee mwenyewe hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alisema tu: leteni kinywaji tuongee.

Sasa, kinywaji kwa watu wa kule ni pombe. Unaweza kwenda na mbuzi, na jembe, na blanketi jipya, lakini usipokuwa na kibuyu umekwenda mikono mitupu.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Alikuja kumbembeleza mama.

"Shemeji, mara hii moja tu. Ni kwa ajili ya kijana."

"Pombe haitatoka kwenye nyumba hii."

"Basi nitanunua kwa jirani."

"Halafu utamwambia mkwe kwamba imetoka wapi? Utaanza na uongo siku ya kwanza?"

Nilipandisha hasira, nikasema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Mama aliningoja nimalize. Kisha akasema atatengeneza juisi ya ndizi, ile tunayoikamua kabla ya kuitia mtama, na ataitengeneza vizuri kiasi kwamba hakuna atakayeona aibu. Juisi! Kwa mzee wa Bweranyange! Nilitoka nje nikaupiga mgomba teke, mguu ukauma wiki nzima.

Lakini nilimsaidia, ningefanyaje. Tuliivisha ndizi juu ya moshi wa jikoni, tukazikamua kwa majani makavu kwenye mtumbwi wa mti mpaka juisi ikatoka. Ndipo mama akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikwenda ukingo wa msitu akarudi na kikapu cha inkeri, yale matunda madogo ya kwenye miiba ambayo huanza yakiwa mekundu na kuiva mpaka yawe meusi. Alisema kwao, yeye alipokuwa msichana, bibi yangu aliyatia katika kinywaji cha mgeni mkubwa. Aliyaponda kwa mkono, akayamimina na maganda yake na mbegu zake. Juisi ikageuka rangi mbele yangu.

Shida ikawa chombo. Vibuyu vyake alikuwa ameshavipasua kwa ajili ya Bwana, kwa hiyo tuliazima kwa baba mdogo, ambaye yeye hakuwa na wokovu wa aina yoyote. Aliapa kwamba amekiosha. Lakini kibuyu kilicholala na rubisi miaka yote hiyo hakioshwi chachu ikaisha, na hilo mama alilijua kuliko mtu yeyote wilayani. Sijui kwa nini hakuliwaza. Labda alikuwa amejizuia kuwaza habari za pombe kwa muda mrefu mno.

Tulipanda lori la kahawa, mimi, mama na baba mdogo. Liliharibika njiani, tukalala kwa muumini mmoja, kibuyu kikakaa ukutani kwenye joto la jiko. Kesho yake, juu ya magunia, nilisikia kinanung'unika. Niliweka sikio. Kilikuwa kinatoa sauti kama sufuria linalokaribia kuchemka, na kizibo chake cha jani la mgomba kilikuwa kimepanda. Nilikisukuma kikarudi. Nilidhani ni mtikisiko wa barabara, na baba mdogo alikuwa amelala, au alijifanya amelala.

Tulifika Bweranyange, tukasema shikamoo kwa kila aliyestahili, na walistahili wengi. Walijaa sebuleni: mzee, kaka zake, shangazi wawili wa msichana, majirani. Msichana mwenyewe alikuwa chumba cha ndani na hatukumwona. Kibuyu kikawekwa katikati.

Kuna desturi pale ambayo haivunjwi. Kinywaji cha posa huonjwa kwanza na upande uliokileta, mbele ya macho ya wenyeji, ili wajue hakuna ubaya ndani yake. Anayeonja akikataa, au akitema, wageni huambiwa waondoke. Hakuna anayeuliza sababu, kwa kuwa sababu inajulikana: wamebeba sumu. Kwa kawaida msemaji ndiye anayeonja, naye baba mdogo alikuwa amekwisha kaa tayari, midomo ikimeremeta.

Kijana wao akamimina kwenye kata.

Kinywaji kilikuwa cheusi. Ukiinamia kata uliona ni wekundu, wekundu uliozidi ukawa giza, kama buni iliyosahauliwa mtini. Juu yake kulikuwa na povu la rangi ya ulimi wa ndama.

"Mawe!" mmoja wa wale kaka akasema, yaani "mama yangu!" kwa lugha yao. "Wametuletea damu?"

Baba mdogo akanyoosha mkono haraka. "Waitu, wakubwa zangu, mimi ndiye msemaji, nitaonja."

"Wewe ulikitengeneza?" mzee akauliza.

"Hapana. Mama wa kijana."

"Basi aonje mama wa kijana."

Mama hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Ile ilikuwa juisi yake. Alipiga goti kwa heshima, akapokea kata kwa mikono miwili, akavuta funda kubwa la mtu mwenye dhamiri safi.

Nilikuwa nimekaa mbele yake, nikaona kila kitu. Macho yalimtoka. Mashavu yalikuwa yamejaa na hayakupungua. Nilifikiri kuna mjusi ndani. Alinitazama mimi, na sikumbuki kama mama amewahi kunitazama hivyo kabla au baada. Akatazama wale kaka walioanza kuegemea mbele, akatazama mlango wa chumba cha ndani. Koo lilikuwa halisogei. Mmoja wa shangazi akasimama.

Mama akameza.

Kisha akainua kata tena akanywa funda la pili, refu, macho ameyafumba. Alijifuta midomo kwa pindo la kitenge. "Ni kizima," akasema. "Karibuni."

Mzee akapokea. Alikuwa ameambiwa kwamba walokole watamletea juisi, nao uso wake ulikuwa tayari umepanga lile tabasamu la kumshukuru mtoto aliyekuletea ua. Akanywa. Tabasamu likakatika. Alishusha kata, akachungulia ndani kama mtu aliyedondosha kitu kisimani, akanywa tena, akaipitisha kwa kaka yake. Kaka yake akasema "Mawe!" kwa mara ya pili, lakini hii ilikuwa mawe nyingine kabisa.

Kata ilinifikia. Mimi vilabuni nilikuwa napita, sina haja ya kuficha, kwa hiyo nilijua ninachokionja, na bado nilishtuka mpaka jino la nyuma. Kwanza kilinichoma ulimi kwa vijisindano vidogo. Halafu ukali, ule wa tunda lililochumwa jua likiwa kali, ukakunja mashavu. Nilikuwa bado najikunja ndipo harufu ya inkeri ikapanda puani, ya msitu kabisa, na majani na unyevu wake. Utamu wa ndizi ulikuja nyuma ukiwa umechelewa na hauna haraka, na moshi kidogo wa jikoni kwetu, na mwisho uchungu mwembamba wa zile mbegu uliosafisha kinywa na kukufanya utake tena. Rubisi nilizozizoea hunywewa ili zikupeleke mahali. Hii ilikuweka palepale ulipokaa ukaanza kuitafuta. Haikuwa juisi hata kwa mtu asiyejua pombe. Ilikuwa pombe, na ilikuwa kali.

Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama sakafu.

Kibuyu kiliisha kabla ya maneno kuisha. Mzee alisema watu wanaoweza kutengeneza kitu kama kile si watu wa kuja na mikeka, ni watu wenye kwao. Shangazi wakapiga vigelegele, msichana akatolewa ndani, akanicheka kwa sababu nilikuwa na povu puani. Nilikubaliwa. Ningepaswa kuwa na furaha, na nilikuwa nayo, ila mama hakusema neno lolote mpaka tulipokuwa kwenye lori tunarudi.

"Nitasema Alhamisi," akasema.

Alhamisi ilikuwa siku ya ushirika wa walokole. Wao wana jambo wanaloliita kutembea nuruni: ulilolitenda unalisema wazi mbele ya wenzako, usilale nalo.

"Mama, hakuna aliyejua! Ulitengeneza juisi. Kibuyu ndicho kilichokosa."

"Mimi nilijua kabla sijameza."

"Ungetema tungefukuzwa!"

"Najua."

"Basi ulimeza kwa ajili yangu. Mungu hana mtoto? Hataelewa?" Nilikuwa napiga kelele, na dereva akageuka kututazama. Nilimwambia wataondoa jina lake kwenye maombi ya wanawake, na kijiji kitamcheka, na hatabakiwa na kitu. Baba mdogo akasema kwa upole, "Shemeji, sema kuhusu kibuyu. Nisingizie mimi. Mimi nimeshazoea." Mama alitazama migomba inavyopita.

Alhamisi nilikwenda. Sikuwa mtu wa ushirika, lakini nilikaa benchi la nyuma nikiwa na maneno yangu tayari: nitasimama, nitawaeleza juu ya desturi ya Bweranyange, juu ya lori na kibuyu, na atakayemhukumu mama atajibizana na mimi. Nilikuwa nimeshawakasirikia watu ambao walikuwa bado hawajasema chochote.

Mama akasimama. Alisimulia yote kwa ufupi, bila kumtaja baba mdogo wala kibuyu chake. Alisema alionja akajua ni pombe, na akaimeza mbele ya wakwe. Wanawake wakaguna. Mzee wa kanisa, mtu mpole, akatafuta njia ya kumsaidia. "Dada, ulikuwa umebanwa. Ulimeza ili kuokoa posa ya mwanao."

Nikashusha pumzi. Nikaona maneno yangu hayatahitajika.

"Funda la kwanza, ndiyo," mama akasema. "Hilo lilikuwa la mwanangu, na silitubii. Nimekuja kwa ajili ya la pili."

Hakuna aliyeelewa, hata mimi, kwa muda.

"La pili hakuna aliyenilazimisha. Nilinywa kwa sababu lilikuwa zuri. Ndugu zangu, sijawahi kutengeneza pombe nzuri kama ile maishani mwangu, na niliitengeneza bila kujua. Nilitaka kuionja."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka Bweranyange. Miaka yote ile nilidhani alivipasua vibuyu kwa sababu alikuwa amevichukia. Sikuwahi kumuuliza, wala mtu mwingine hakuwahi kumuuliza, kama alikuwa anavikumbuka.

Mzee wa kanisa akamwinamia. "Na sasa, dada, umeichukia?"

Walokole hawasemi uongo, na mama alifikiri kwa muda mrefu, amesimama katikati ya kanisa, mikono imeshika kitenge.

"Hapana," akasema. "Naomba tu msiniletee."

Akakaa. Nilitoka benchi la nyuma, nikapita katikati ya wanawake wote wale walionitazama, nikaenda kukaa karibu naye.