Wivu wa Aliyeshika Mpira wa Maji

Dada yangu ni mhudumu wa ambulensi, na kwa wivu hana mpinzani. Simlaumu. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ni zimamoto. Kila majeruhi anapotolewa motoni, sifa zote huyaendea mabega yaliyombeba, na anayepoza majeraha huonekana kama aliyekuja kumwagilia bustani. Nani aliyeamua kwamba kubeba ni ushujaa na kupoza ni uyaya?

Siku duka la magodoro lilipoungua, nilikuwepo. Shemeji alitoka ndani ya moshi na binti wa mwenye duka begani. Umati ukapiga makofi. Mama mkwe wa dada, aliyekuwa amesimama nami, akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Mkono wa mtoto ulikuwa umeungua vibaya, na jirani mmoja alikwishafungua dawa ya meno ili ampake.

"Hiyo kapigie mswaki!" dada akafoka.

Akamvua mtoto bangili kabla mkono haujavimba, akauelekezea mpira wa maji ya kawaida, akamfunika kwa blanketi mwili uliobaki asishikwe na baridi. Ndipo mkuu wa kikosi akafika na wapiga picha.

"Shemeji, njoo upigwe picha! Leo na wewe utoke gazetini," zimamoto akaita.

"Nije vipi? Maji hayajatosha. Nikiacha sasa, vidole hivi vitaharibika."

"Si umwachie mtu huo mpira?"

Dada akageuka. Aliyekuwa karibu ni yule yule wa dawa ya meno.

"Kapigwe wewe," akasema. "Umependeza na masizi yako."

Aliitamani picha ile, nami niliiona tamaa hiyo: macho yake hayakuiacha kamera hata mara moja, na maji hayakuuacha mkono wa mtoto.

Baadaye daktari alisema vidole vitakunjika kama kawaida. Mama mkwe, kwa upande wake, aliitundika picha ya gazeti sebuleni na kuwaita wageni waitazame.

"Mwanangu huyu! Kamwokoa mtoto roho na mkono."

"Roho ni yake, mama, sibishi," dada akasema huku akiweka vikombe mezani. "Mkono ni wangu."

Mama mkwe akacheka, akidhani ni utani. Dada hakucheka.