Mguu wa Papa Cyprien Ulioenda Mpala

Watu wa mtaa wetu wana huruma, sikatai. Lakini kuna siku huruma yenyewe inatia watu taabuni kuliko chuki. Kama unabisha, muulize Papa Cyprien.

Huyu Papa Cyprien alikuwa mtu wa reli, kazi yake kuunganisha mabehewa, mpaka siku behewa moja liliporudi nyuma bila kuitwa likamkata mguu wa kushoto chini ya goti. Tangu hapo biro ya pansioni, ofisi ya malipo ya walioumia kazini, inamlipa pesa ya kilema. Pesa hiyo peke yake haitoshi nyumba. Kwa hiyo asubuhi analinda mlango wa shule, nusu siku tu, maana kigutu kinavimba akisimama sana. Mchana anashona nyavu nyumbani, kazi yake mwenyewe, isiyo na mkubwa. Nazo nyavu zina majira yake: zinajaa uani wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa taa wakiwa wamepumzika kwa kuwa mwezi unazishinda taa zao, halafu zinapotea. Ukiondoa kimoja katika hivyo vitatu, binti yao Elodie anarudishwa nyumbani kwa kukosa minerval, ile ada ya shule.

Washonaji wengine wanashika wavu kwa dole gumba la mguu. Yeye amepigilia msumari kwenye ncha ya mguu wake wa mti. Ananasa wavu pale, anauvuta unyooke, na sindano inaanza kukimbia. Anaupenda mguu ule, jamani! Anaupaka mawese kila Jumapili, na Mama Immaculée, mke wake, anamtania kwamba yeye mwenyewe hapakwi hivyo.

Basi ikasikika kwamba biro inatuma mtu kuwatazama walemavu nyumba kwa nyumba. Sokoni Mama Immaculée akaambiwa kwamba mlemavu akikutwa na kazi, pansioni inakatwa palepale. Aliyemwambia naye aliambiwa. Mama wa watu akarudi mbio, pumzi juu.

"Papa Elodie, vua mguu."

"Nivue kwa nini?"

"Ule musumari utatusemea. Ulale kwa kitanda, mimi nitaongea. Tafazali, Papa. Fikiria mutoto."

Akauvua. Hakupenda, lakini alimwona mke wake amenyoosha mikono kuupokea, na mikono ile ndiyo iliyomwogesha miezi yote ya hospitali. Mama Immaculée akauviringisha mguu ndani ya wavu mkubwa wa Papa Thierry, mvuvi mwenye mtumbwi aliyeuleta ushonwe, akaufunga kwa kamba imara usichomoze, akausukuma nyuma ya jiko.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la kwetu hapa ziwani. Wavu ulioachwa wazi bado uko kwenye sindano, hakuna anayeugusa. Wavu uliofungwa kamba umekwisha, na vijana wa mtumbwi wanauchukua bila hata kupiga hodi. Mama akiwa barazani anafagia, wale vijana wakapita nyuma, wakabeba, wakaenda zao. Mtumbwi wa Papa Thierry ukang'oa nanga kuelekea Mpala, kijiji kingine cha ziwani.

Mtu wa biro akafika, kumbe ni mama, jina lake Mama Christelle, mwenye miwani na viatu vyenye vumbi. Akapewa kiti kando ya kitanda.

"Papa anafanya kazi gani siku hizi?"

Mama Immaculée akarukia jibu. "Kazi gani, mama? Huyu muntu hana faida tena. Anakaa tu. Anakula, analala, basi."

Alisema kwa mapenzi, Mungu anajua. Lakini Papa Cyprien aligeuza uso ukutani, na shingo yake ikasimama mishipa. Hata behewa lilipomkata mguu hakulia. Siku ile machozi yalimtoka. Mama Immaculée akayaona.

"Mama Elodie," akasema Papa Cyprien polepole, "niletee mguu wangu."

Mke wake akaenda nyuma ya jiko. Akarudi mikono mitupu. "Papa... wameubeba. Uko ndani ya wavu wa Papa Thierry. Uko njiani kwenda Mpala."

Halafu Papa Cyprien akaanza kucheka, kicheko kikubwa kilichotikisa kitanda, machozi bado mashavuni.

"Mama," akamwambia mgeni, "andika. Asubuhi mimi ni sentinele wa shule. Mchana ninashona nyavu. Leo sishoni, mguu wangu umeenda kuvua."

Mama Immaculée akashika kichwa. Mama Christelle naye alikuwa anafuta miwani yake muda mrefu, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Papa, pansioni hii ni ya mguu uliokatwa na reli. Je, mguu ule umeota tena?"

"Haujaota."

"Basi. Nusu siku ya shule na nyavu zako nitaziandika, na pesa yako itaendelea. Lakini mungeshikilia kwamba anakaa tu, halafu kesho nimukute pale mulangoni kwa shule? Hapo tungesemezana vingine."

Alipoondoka, Mama Immaculée akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Nisamehe. Si lile neno lililokuwa moyoni."

"Ninajua," akasema mumewe. "Lakini liliniuma kuliko behewa."

Mguu ulirudi na mtumbwi, unanuka samaki wa mikebuka, vijana wa Papa Thierry wakiwa bado wanagaagaa kwa kicheko. Papa Cyprien akaufunga gotini. Alikuwa akielekea uani, mahali alipozoea kushonea mbali na macho ya watu, ndipo akaona kiti chake hakipo. Mama Immaculée alikuwa amekihamishia barazani, mbele kabisa, panapotazama barabara. Papa Cyprien akaketi hapo, akanasa wavu kwenye msumari.

Jirani mmoja akapita, akaulizia kwa sauti, "Papa Cyprien iko?"

Mama Immaculée akatokeza kichwa mlangoni, mwiko mkononi, akajibu mtaa mzima usikie:

"Iko! Lakini umungoje. Bwana yangu iko kwa kazi."