Fundi Privatus na Pampu ya Bulugu

Privatus alizaliwa Mugoma, wilaya ya Ngara, kwa baba mkulima wa kahawa na migomba. Alibatizwa huko na kusoma huko hadi darasa la saba. Ufundi wa magari aliupata kwenye gereji ya misheni, chini ya bruda mmoja mkali aliyempiga konzi kwa kila nati aliyoikaza kupita kiasi. Mwaka wa themanini na tatu alihamia Nyakanazi, pale njia panda ambapo malori hulala na mabasi hubadilishana abiria, akafungua gereji ya mabati manne na shimo moja la kuingilia chini ya gari. Akamwoa Deodata, wakapata binti mmoja, Irine. Kwa miaka kumi hakuna aliyemuuliza ametoka wapi.

Halafu wakimbizi wakaja. Walikuja wa Burundi, wakafuata wa Rwanda kwa mamia ya maelfu, makambi yakajaa Ngara yote, miti ikaisha vilimani, na watu waliokuwa wakiwapa maji ya kunywa wakaanza kuwafungia milango. Hapo ndipo ulimi wa Privatus ulipomgeuka. Kihangaza, lugha ya kwao Ngara, na Kirundi husikilizana sana, na sikio la mgeni halitofautishi. Akisalimiana na mtu wa kwao sokoni, wauza nyanya walinyamaza. Akichelewesha gari la mtu, aliambiwa arudi kambini. Mwanzoni alikuwa anajibu. Baadaye akaacha kujibu, akawa mtu wa maneno machache na uso uliokunjamana, hata nyumbani.

Mzee Bulugu alikuwa mteja wake mkubwa kuliko wote. Alikuwa na Landrova ya petroli, ndefu, kuukuu, iliyobeba maharage na watu kwenda makambini na kurudi. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba, mvua zilipokuwa zinanyesha kama zimelaaniwa, Landrova ile ilianza kuzima njiani. Privatus alifungua pampu ya petroli iliyo ubavuni mwa injini, akakuta kiwambo chake cha mpira kimepasuka.

"Kiwambo kipya kinapatikana Mwanza," alimwambia Bulugu. "Nipe wiki moja."

"Wiki moja nile nini?" Bulugu aliuliza. Kesho yake alirudi na pampu ya umeme, nyeusi, ndefu kama betri za tochi tatu zilizounganishwa, iliyofunguliwa kwenye gari dogo lililopinduka. "Funga hii. Leo."

Privatus aliigeuza mkononi mara moja tu akaijua. "Mzee, hii si ya gari lenye kabureta. Ina msukumo mkubwa mno."

"Msukumo mkubwa si ndiyo nguvu?"

"Siyo nguvu. Ndani ya kabureta kuna kibakuli cha petroli na boya. Petroli ikijaa, boya linapanda, linasukuma kisindano kuziba njia. Pampu ikisukuma kupita kiasi, kisindano kinashindwa kuziba. Petroli inafurika nje, inadondokea bomba la moshi ambalo ni la moto. Unajua kinachofuata."

Gozbert, dereva wa Bulugu, alicheka kwa pua. "Huyu anataka kutuweka hapa wiki nzima ili avute petroli ya tanki."

Wapo wanaume ambao wangeishia hapo. Privatus alikuwa amechoka kuitwa mwizi. Alichukua mpira mweupe mwembamba, ule wa kutundikia maji ya wagonjwa, akaufunga kuanzia chini hadi juu kwenye mti wa mkaratusi wa mita tano, akausimamisha mti ule mbele ya gereji. Alikuwa na pampu nzima ya aina ya zamani, iliyotoka kwenye Landrova nyingine iliyokufa. Akaiunga na mpira ule, akauzamisha mdomo wake kwenye dumu la petroli, akaisukuma kwa wenzo wake wa mkono. Petroli ilipanda ndani ya mpira, watu wakiitazama, ikafika urefu wa mtu na nusu, ikasimama. Alisukuma tena na tena, haikupanda zaidi.

"Hiyo ndiyo saizi ya kabureta yako," alisema. "Mita mbili na nusu, basi. Sasa tazama ya kwako."

Aliunganisha pampu nyeusi na betri. Ilinguruma, na kabla mtu hajasema neno petroli ilikuwa imeumaliza mti wote, ikaruka juu ya ncha na kumwagika chini kama bomba lililopasuka. Bulugu alikuwa amesimama chini yake. Ilimlowesha kichwa, shingo na suti yake ya kaunda ya rangi ya maziwa. Mama ntilie waliokuwa ng'ambo ya barabara walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

Privatus hakucheka. Alichomoa waya, akasema, "Nikikufungia mpira wa pili wa kurudisha mafuta tanki, wenye tundu la saizi, msukumo utashuka. Tutapima tena kwenye mti huu hadi ufike panapotakiwa."

Bulugu alijifuta macho kwa kiganja. "Mpira wa kurudisha mafuta," alisema polepole. "Urudishe wapi? Kwenye dumu lako? Umenivua nguo mbele za watu, Mrundi wewe. Utaona."

Gozbert aliifunga pampu mwenyewe jioni ile. Ili kupunguza msukumo wake, aliubana mpira wa mafuta kwa waya, kama mtu anavyokaba shingo ya kuku. Gari liliwaka na kuondoka kwa kasi. Alipopita mbele ya gereji alipiga honi ndefu.

Siku tatu baadaye, asubuhi, mgambo wawili na koplo mmoja walisimama mbele ya gereji. Ilikuwa ni wakati wa kukusanya Warundi wote waliokuwa wakiishi nje ya makambi, na koplo alikuwa na jina la Privatus kwenye karatasi. Deodata alikimbilia ndani, akarudi na risiti ya kodi ya maendeleo.

"Hata Warundi wananunua hizi," koplo alisema bila kuisoma.

"Mume wangu ni Mhangaza! Amezaliwa Mugoma!"

"Basi watu wa Mugoma waje Ngara waseme."

Privatus aliona Bulugu amesimama kwenye mlango wa gesti, anachokonoa meno. Alimgeukia mkewe. "Mama Irine, panda basi sasa hivi. Nenda kwa baba mkubwa. Mwambie aje na mwenyekiti wa kijiji na cheti changu cha ubatizo." Akataka kuongeza kitu kingine, lakini mgambo alikuwa tayari anamfunga kamba ya mkonge kwenye kifundo cha mkono.

Ncha ya pili ya kamba ilifungwa kwenye mkono wa mtu mwingine. Jina lake lilikuwa Bigirimana. Alikuja nchini akiwa kijana mwaka wa sabini na mbili, akakaa kijiji cha Nemba, akalima, akaoa msichana wa pale, Priscila, na alichukuliwa shambani akiwa na udongo magotini. Na gari lililokodiwa kuwapeleka Ngara, watu kumi na wanne kwa mara moja, lilikuwa Landrova ya Bulugu. Gozbert alikuwa kwenye usukani.

Kabla hawajaondoka Privatus alisikia harufu. Alimwita koplo. "Afande, gari hili linavuja petroli. Litawaka."

"Anaogopa safari," Gozbert alisema, na mgambo wakacheka.

Waliondoka. Privatus alikaa sakafuni, bega kwa bega na Bigirimana, akisikiliza injini. Aliielewa kama mtu anavyoelewa ugomvi wa jirani nyuma ya ukuta. Gozbert alipokanyaga mafuta, injini ilikula kila kilicholetwa, na gari lilikwenda vizuri. Alipoachia mguu kwenye mteremko, ilikohoa na kutoa moshi mweusi. Ule waya ulikuwa umepunguza kiasi cha petroli inayopita. Msukumo wenyewe haukupungua. Injini isipokula, msukumo hujikusanya wote nyuma ya kisindano, hadi kinasalimu amri. Kwa hiyo hatari haikuwa mlimani. Hatari ilikuwa pale watakaposimama na injini ikiwa inanguruma taratibu.

Walisimama baada ya Nyakahura, kuchukua watu wengine wawili waliokuwa wakingoja na mgambo kando ya barabara. Gozbert hakuzima injini. Dakika zilipita, koplo akiandika majina kwenye kiganja chake kwa sababu karatasi ilikuwa imelowa. Kisha ukasikika mlio kama mtu anayepuliza mshumaa, na moto ukachungulia pande zote mbili za boneti.

Gozbert aliruka nje akakimbilia mtaroni. Mgambo walifungua mlango wa nyuma na watu wakamwagika barabarani. Ufunguo ulibaki kwenye swichi, na chini ya kiti cha dereva pampu iliendelea kunguruma, ikiulisha moto.

Privatus alipiga hatua kuelekea mbele, kamba ikamrudisha. Bigirimana alikuwa amekaza miguu.

"Liache liungue," Bigirimana alisema kwa Kirundi, na Privatus hakukosa hata neno moja. "Wote wanatazama moto. Pori lile pale."

Ni kweli, pori lilikuwa pale, hatua thelathini. Privatus aliliona. Aliona pia jambo jingine: akikimbia, atakuwa Mrundi hadi siku ya kufa kwake, na gari likiungua atakuwa Mrundi aliyechoma gari.

"Mimi siyo mkimbizi," alisema.

"Kwa hao?" Bigirimana alielekeza kidevu kwa mgambo. "Wewe ni nani kwa hao?"

Privatus aliivuta kamba kwa nguvu zote. Alikuwa na mwili mkubwa kuliko mwenzake, akamburuta hadi mlango wa dereva, akaingiza mkono kwenye moshi na kuzima swichi. Pampu ilinyamaza. Halafu akapiga boneti kwa fimbo ya mgambo mpaka ikafunguka, akaanza kuchota tope la mtaroni kwa mikono miwili na kulitupa juu ya kabureta. Kila alipoinama, mkono wa Bigirimana uliinama naye. Moto ulikufa ukiacha mvuke na harufu ya mpira ulioungua.

Koplo alisogea polepole. "Linaweza kutembea?"

Privatus alitazama. Waya mmoja wa plagi ulikuwa umeyeyuka, mpira wa mafuta ulikuwa umeungua upande wa injini, kabureta yenyewe ilikuwa nzima chini ya tope. Angeweza kusema hapana. Alifikiria jambo hilo mara nyingi miaka iliyofuata, kwamba angeweza kusema hapana, na hakuna mtu barabarani pale ambaye angejua.

"Nifungueni mkono," alisema.

Aliisafisha kabureta kwa petroli na kitambaa. Alikata waya mrefu wa plagi moja akapata vipande viwili vya kutosha. Pampu ya Bulugu aliing'oa akaitupa sakafuni. Kisha akajaza petroli ya tanki kwenye dumu la plastiki, akalipandisha juu ya paa la gari na kulifunga kwa ile ile kamba ya mkonge iliyotoka mikononi mwao, akateremsha mpira uliobaki kutoka kwenye dumu hadi kwenye kabureta. Petroli ilishuka kwa uzito wake yenyewe, kimo cha mita moja tu, na kisindano kikaizuia bila taabu. Injini iliwaka kwa jaribio la pili, ikanguruma kwa utulivu ambao Landrova ile haikuwa nao tangu pampu yake ilipokufa.

Gozbert alirudi kutoka mtaroni, akashika usukani. Kwa koplo hapakuwa na asante. Alitafuta kamba nyingine, akawafunga tena.

Kutoka hapo hadi Ngara Bigirimana aliongea mara moja tu. "Ungekaa kimya," alisema. "Sikukuomba kitu kingine chochote." Mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni aligeuka akamtazama Privatus, akatema mate nje ya gari.

Ngara alikaa siku mbili kwenye ua wa waya pamoja nao, na hakuna aliyempisha sehemu kavu. Siku ya tatu baba yake mkubwa, mzee Ntakirutimana, alifika na Deodata, mwenyekiti wa kijiji na cheti cha ubatizo kilichofungwa kwenye nailoni. Ofisa alikisoma, akauliza maswali mawili, akamwambia aende. Bigirimana alipelekwa kambini alasiri hiyo hiyo. Hakugeuka.

Privatus aliporudi Nyakanazi alikuta gereji iko wazi na sanduku la spana halipo. Bulugu alikuwa amelichukua, akitangaza mtaa mzima kwamba fundi aliichoma Landrova yake kwa makusudi. Privatus alimfuata hadi mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata spana zangu."

Bulugu hakuitikia salamu. "Spana za nani? Nenda ukashtaki. Uone watamsikiliza nani."

Privatus aligeuka, ngumi zimekazwa, Gozbert akimtazama kutoka kwenye benchi. Kisha alirudi nyumbani, akang'oa mabati yake manne, na mwisho wa mwezi familia ilihamia Ngara mjini. Alianza upya kwa spana za kuazima. Miezi minane baadaye Bulugu alimtuma Gozbert na Landrova ile ile, pampu imeharibika tena, na hakuna fundi mwingine aliyeiweza. Privatus alimwambia aiondoe mbele ya mlango wake kabla hajahesabu hadi kumi, na Gozbert alipoona uso wake, aliiondoa.

Kambini alikwenda mara moja, na sabuni, chumvi na debe la maharage. Alimtafuta Bigirimana kutwa nzima, akamkuta anaezeka kibanda kwa nyasi. Bigirimana hakushuka kwenye paa. Alisema, "Peleka Nemba," akaendelea kufunga nyasi.

Privatus alipeleka. Priscila alipokea mzigo mlangoni, akauliza umetoka kwa nani. Privatus alipomweleza yeye ni nani, kwamba ndiye fundi aliyeuzima moto wa Landrova, mwanamke yule aliurudisha mzigo chini, kwenye matope, taratibu, kama mtu anayetua kitu kinachoweza kuvunjika. Akaingia ndani na kufunga mlango kwa komeo.