Chai ya Jumapili na Uso wa Kijani

Harufu ya rangi ya malori ndiyo inayonirudisha Rutshuru. Papa Safari, mchoraji wetu, alipaka malori, na rangi iliyobaki kwenye makopo ndiyo aliyochorea watu. Ndivyo mama yangu, Nyota, alivyotoka pichani na uso wa kijani, nywele za rangi ya chungwa zinazopanda kama moshi wa volkano, na jua la zambarau lenye macho limemkalia begani. Jirani yetu, Mama Zawadi, alicheka mpaka akakaa chini. "Nyota, leo umekuwa ndizi mubichi!" Mama akafinya jicho, akamjibu, "Ngoja niive, utanitamani."

Mwaka huohuo mama akafariki. Kwa desturi ya nyumba yetu, redio ikazimwa na picha ikageuzwa uso ukutani. Matanga yakaisha, redio ikaimba tena, lakini picha papa, baba yangu, hakuigusa. Na hatukuwa na picha nyingine ya mama. Nikaanza kumsahau: kwanza pua, kisha mdomo. Nikaogopa. Jumapili moja baada ya misa, tukinywa chai, nikasema, "Papa, mama ananiponyoka." Papa akaweka kikombe chini, akaigeuza picha. Ndani ya kijani kile, jicho lilikuwa limefinywa vilevile! Kikombe chake kilipokwisha, akaigeuza tena ukutani. "Zaidi ya hapo siwezi, mwanangu." Basi ikawa hivyo kila Jumapili: muda wa chai moja, mama yuko nasi.

Sasa mimi ni bibi wa wajukuu hapa mtaani Majengo, na desturi ile sijaiacha. Papa Safari amefariki zamani, lakini picha zake watu wanazitafuta hata kutoka mbali, wanazikusanya kama watoto wanaookota maua. Juzi alikuja bwana mmoja wa Kinshasa, Papa Didier. Nikamwambia arudi Jumapili, na kwamba chai ikiisha, picha inageuzwa. Akarudi. Nilipoigeuza, kikombe kikamsimama mkononi.

"Mama, zingine zote nilizoona jua limezipausha. Hii ni kama ya jana! Utaniuzia?"

"Rangi zibebe zote kwa macho, papa. Huyo anayekufinyia jicho ni mama yangu."

Akacheka, hakuuliza tena. Akawa anakunywa polepole, kidogo kidogo, mpaka likabaki tone moja, na hilo hakuligusa. Mama Zawadi, aliyemwita mama ndizi, angemshangaa bwana huyu. Nami nikamtazama mama, nikaona bado naweza kumtazama. Papa yangu kikombe kimoja kilikuwa mwisho wa nguvu zake. Nikachukua birika, nikamimina cha pili.