Mpishi wa Foleni ya Tunduma

Mume wangu anajua kupika. Nalitanguliza hilo kwa sababu mie mkewe ndiye niliyekuwa wa mwisho kulijua, mie niliyefua mashati yake yanayonuka dizeli na kumzalia mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa ameshafika darasa la sita. Hakuniambia. Nilimfumania. Wenzangu hapa Tandika, Dar, wanawafumania wa kwao na wanawake, mie nilimfumania wangu na sufuria.

Yeye ni dereva wa malori ya Zambia na Kongo. Akiondoka anaweza kumaliza mwezi na zaidi, na sehemu kubwa ya siku hizo wala haendeshi. Anasubiri. Wanasubiri bandarini, wanasubiri mpakani, wanasubiri karatasi zigongwe mihuri, wakishushiwa mzigo wanasubiri mwingine wa kurudi nao. Nilikuwaga namhurumia mpaka roho inauma. Nampigia simu nasikia vicheko nyuma yake, namuuliza mnafanya nini huko, ananijibu kwa sauti ya mnyonge, "Tumekaa tu, mke wangu. Huku hakuna cha kufanya." Umekula? "Nimepata chai na mkate." Masikini ya Mungu! Basi akirudi nachinja kuku, nakuna nazi, nampepea. Naona tumbo linaongezeka mwaka hadi mwaka, mie na ujinga wangu nasema ni la kukaa sana kwenye usukani.

Nyumbani jikoni haingii. Na nikisema haingii sina maana haingii mara kwa mara. Friji yetu iko sebuleni, anaiona kutoka pale alipokaa, lakini akiwa na kiu anaita. "Mama, maji." Naacha ninachokifanya, napita mbele yake, nafungua friji, nampa. Anasema ahsante, hilo nimpe haki yake, si mtu wa matusi. Nami nilijua ndivyo wanaume wa kwetu kusini walivyo, baba yangu alikuwa hivyohivyo, kwa hiyo halikunikera sana.

Halafu nikaumwa. Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi, nikapasuliwa, nikarudishwa nyumbani na onyo la daktari kwamba nisiiname, nisibebe ndoo, nisikae karibu na moto mpaka kidonda kifunge. Mama yangu yuko Lindi na miguu yake haimbebi tena, asingeweza kuja. Lakini nilimshukuru Mungu kwa sababu lori la mume wangu lilikuwa gereji na yeye yupo nyumbani. Nikasema angalau nina mtu.

Siku za mwanzo jirani yangu wa mlango wa pili alileta uji. Kisha akapata mgonjwa wake mwenyewe, hakuleta. Nimelala nimeshika tumbo, mume wangu akachungulia chumbani. Nikadhani anakuja kunigeuza. Akaniuliza, tena kwa upole kabisa, "Mama, leo tunakula nini?"

Niliinuka. Nilishika ukuta mpaka uani, nikakaa kwenye kigoda, nikawa namwelekeza binti yangu. Mikono yake ilikuwa midogo kwa sufuria ile. Maji ya ugali yalimrukia, akaungua mkono hapa juu ya kiganja, akalia, baba yake akatoka sebuleni akasema, "Pole mwanangu, jifunze taratibu." Tukala. Wiki zile zote zilikwenda hivyo, mtoto akitoka shule anashika mwiko. Mie sikumgombeza mume wangu hata siku moja, kwa sababu niliamini hajui. Utamgombezaje mtu kwa kitu asichokijua?

Nauza mchele soko la Tandika. Wakati wa mavuno napanda mwenyewe mpaka Mbeya kuutafuta, na mwaka uliofuata nikiwa huko nikampigia simu, akaniambia amekwama mpakani Tunduma, foleni haisogei. Tunduma na Mbeya ni jirani. Nikaona nimfanyie mtu wangu mshtuko wa furaha. Pale nilipofikia niliomba jiko, nikakaanga kuku, nikapika chapati, nikafunga vizuri kwenye hotipoti nikapanda basi dogo. Anakula mkate mkavu baba wa watu, leo ale chakula cha mkewe.

Ile foleni ilikuwa ndefu, malori upande mmoja wa barabara mpaka macho yanachoka. Nikawa natembea pembeni nasoma namba. Na nilivyokuwa natembea nikaona kitu ambacho hatuambiwagi. Wanaume wale hawakukaa tu. Wengine walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, na wanaotazama wana kelele kuliko wanaocheza. Mmoja, pande la mtu, ndevu mpaka kifuani, alikuwa kwenye ngazi ya lori anadarizi kofia, ile ya vitobo, sindano imepotea kwenye vidole vyake. Nikamsalimia, akaniambia hii ya tatu tangu aoe, moja inamaliza safari nyingi. Mwingine amepanda pilipili kwenye kopo la rangi, ameliweka mbele ya kioo, pilipili inakwenda Kongo na kurudi. Nilifurahi, nisiwe mwongo. Nikasema kumbe moyo wa mtu haukubali kukaa bure, ukinyimwa kazi unatafuta unachokipenda.

Ndipo ikanijia harufu ya nazi. Tunduma! Kule baridi kali, mnazi hata wa dawa hakuna. Harufu ya tui linalochemka, na samaki wa kukaanga, na bizari. Nikaifuata.

Sanduku la pembeni ya trela lilikuwa wazi, ndani kuna jiko la gesi linawaka. Madereva wamekaa juu ya madumu, kila mtu na sahani yake mapajani, wametulia kama watoto wa chekechea wanaosubiri uji. Na katikati yao mume wangu, amejifunga kanga yangu kiunoni, amekalia mbuzi yangu ya nazi, anakuna.

Mbuzi ile niliitafuta nyumba nzima. Yeye ndiye aliyeniambia, "Utakuwa umemwazima mtu, wewe si unagawa kila kitu." Mie nikaenda kwa jirani yangu wa uji, nikamuuliza kwa maneno ambayo hayakuwa mazuri, tukanuniana msimu mzima. Na mbuzi iko Tunduma!

Sikumwita. Nilisimama nikamtazama. Laiti angekuwa anababaisha ningecheka. Alikuwa mpishi, jamani. Tui la kwanza aliliweka kando, akatia jepesi kwanza, akaacha lichemke huku analikoroga lisikatike, ndipo akaongeza lile zito. Akadondoshea mchuzi kiganjani, akaramba, akafumba macho, akaongeza ndimu. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Sura yake ilikuwa na raha ambayo sijawahi kuiona nyumbani kwangu.

Aliyeniona kwanza ni mwenzake mmoja. Mume wangu akainua kichwa, ndimu ikamponyoka. "Mama! Umetokea wapi?"

"Kumbe ndiye shemeji!" yule mwenzake akaruka. "Karibu, karibu, mpisheni dumu. Shemeji, wewe unafaidi! Huyu ndiye mpishi wa foleni nzima, tukisikia amefika tunaacha mama ntilie. Na tunamheshimu. Ametusimulia ulivyopasuliwa, alivyokupikia supu ya pweza kila asubuhi, akakulisha kwa kijiko mpaka ukasimama. Mie nimemhadithia mke wangu, tangu siku hiyo ananisema."

Wanaume wote wananitazama wanatabasamu, wanangoja niongezee. Mume wangu anatazama sufuria.

Sie wanawake wa kusini tumefundwa. Nilipotolewa unyagoni, kungwi wangu alinikalisha akaniambia: aibu ya mumeo ni aibu yako, ukiiona imetoka nje ifunike kwa nguo yako mwenyewe, hata ubaki uchi. Maneno yale yamekaa mwilini, mtu huyafikirii, yanafanya kazi yenyewe. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ndiyo. Alinipikia."

Wakashangilia! Na kadiri walivyoshangilia ndivyo nilivyohisi moto unapanda kutoka kwenye lile kovu la tumboni. Nikapewa sahani, nikasema tumbo haliko sawa. Nikawapa kuku wangu, wakamla kwa adabu, kama watu waliokwishashiba kitu kizuri zaidi.

Tulipobaki wawili nyuma ya trela nikamwambia maneno mawili tu: kwa nini?

Akashika kiuno. "Mama, nyumbani ni nyumbani. Unataka mtaa useme nimelishwa limbwata? Mwanaume akionekana anapika Tandika, keshokutwa wanakuambia mkewe kamkalia kichwani. Huku hakuna anayenijua. Na kukaa kwenye foleni bila kitu cha kushughulisha mikono unaweza kuwa kichaa. Wenzangu wengine wanakunywa, wengine wana wanawake kila kituo. Mie raha yangu sufuria. Ungependa ninywe?"

"Raha!" nikamwambia. "Kile ninachokifanya mie kila siku, kichwa kinauma, mgongo unauma, kwako ni raha ya kupoteza muda? Na supu ya pweza je? Mtoto kaungua mkono, wewe unajisifia supu ya pweza?"

"Ile ilikuwa hadithi tu ya foleni."

"Basi nakutaka uifanye kweli. Ukirudi Dar utapika. Kwangu, mie na mwanao tukila. Mara moja tu. Ukishindwa, usirudi kwangu, rudi foleni kwa wanaokuheshimu."

Akakubali haraka, alitaka nipunguze sauti. Nikachukua mbuzi yangu, nikapanda nayo basi mpaka Dar. Siku ya pili yake nikagonga kwa jirani, nikamwomba radhi, akanicheka mpaka akakaa chini.

Basi akarudi. Jumamosi moja akaenda sokoni mwenyewe, akaja na changu wawili wazuri, nazi, ndimu, mfuko kauficha ndani ya begi la nguo. Akaniambia, "Kaa ndani, upumzike." Nikakaa. Mchana kweupe, nikasikia anafunga geti kwa komeo. Hatufungi geti letu mchana, watu wote wa mtaa wanajua. Nikajisemea acha, ni mara ya kwanza, mpe nafasi. Nikakaa kitandani na binti yangu, tunasikiliza nazi inakunwa uani, tunatazamana, tunacheka kwa mikono mdomoni. Ile furaha siwezi kuieleza. Nilikuwa nangoja kupikiwa kama mtoto anavyongoja sikukuu.

Harufu ikatoka nje, komeo haliwezi kuizuia. Geti likagongwa. Ni mmoja wa wenzake wa kijiweni.

"Braza! Leo hatukuoni, kulikoni? Halafu harufu gani hiyo, tukaribie?"

Nikasikia komeo linavutwa kidogo, geti linafunguliwa ufa. Na sauti ya mume wangu, ya chini, ya mtu mwenye mzigo: "Aah, shemeji yako anaumwa, bwana. Hawezi kabisa kuinuka. Namshikia kidogo hapa."

"Ooh, pole sana, braza. Wewe mume wa kweli."

Binti yangu akanigeukia. Akanitazama usoni, akanishika kipaji cha uso kwa mkono ule alioungua. "Mama, unaumwa?"

Kungwi wangu anisamehe huko aliko. Nilitoka. Nilipita uani, nikalisukuma geti mpaka likagonga ukuta, wakageuka hata waliokuwa wananunua maji dukani ng'ambo.

"Mie siumwi," nikamwambia yule mtu. "Nitazame. Mzima wa afya. Nilipoumwa hakunishikia kitu, alikaa pale sebuleni akaniuliza tunakula nini, na tumbo langu lina nyuzi. Leo anapika kwa sababu anajua kupika, anapenda kupika, ni mpishi mkubwa huko mpakani. Limbwata sina. Ningekuwa nalo ningelitumia wakati ule."

"Jamani, mie napita tu," yule mtu akasema, akaondoka upesi upesi.

Mume wangu alirudi kwenye jiko. Aliepua sufuria, akaifunika vizuri na mfuniko wake, akazima jiko. Akanawa mikono. Akavaa kofia, akatoka getini bila kulifunga, na kwenye lile lori lake alipanda siku mbili kabla ya zamu. Mpaka leo tunaishi pamoja, tunaongea ada ya shule na bei ya mchele, na sufuria ya nyumbani hajaigusa tena.

Siku ile nikapakua, tukakaa uani geti likiwa wazi, mie na mwanangu. Nilitaka samaki yule awe na chumvi nyingi. Nilitaka awe mbichi, awe na shombo, niseme alaa, kumbe wale wa Tunduma walikuwa na njaa tu. Alikuwa mtamu. Alikuwa mtamu kuliko wangu, tangu niolewe sijawahi kula chakula kama kile, na hilo ndilo ambalo sijamsamehe.