Siku Mama Alipofunga Mizigo Mlimani

Madamu, mwajiri wangu huku ughaibuni, ameenda mji wa Sib na amefunga mlango kwa nje. Napiga pasi, na harufu ya nguo mbichi inanirudisha mlimani, ambako wazazi wangu walihubiri Injili na nguo zetu hazikukauka kwa ukungu.

Asubuhi moja mama alifunga mizigo.

“Baba watoto, tushuke. Mtoto huyu anakohoa, na hakuna anayesikiliza mahubiri yetu.”

“Mungu hajaniambia nishuke,” baba akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye Biblia.

Mama alinivuta hadi mlangoni. Njia haikuonekana kwa ukungu. Mwanamke mmoja wa pale mlimani, aliyebeba kuni, akasimama.

“Mama mchungaji, njooni. Mimi naijua njia.”

Mama alimtazama baba kwa muda mrefu. Kisha akaniachia mkono, akaanza kufungua mizigo; bila ruhusa ya baba asingeshuka, hata akionyeshwa njia.